Anti, mwanangu anakimbizwa kila jioni kwa sukari niliyoificha mimi

Anti shikamoo.

Naomba usiweke jina langu wala kitu chochote cha kunitambulisha, mme wangu nae huwa anasoma safu yako.

Nina miaka 34, ndoa ina miaka 10, tuna mtoto mmoja wa kiume ana miaka 8 na sa hivi nina mimba ya wiki 11. Ngoja nianzie nyuma ndo utanielewa.

Mimba ya huyu wa kwanza ilipofika wiki ya 26 nikapimwa sukari, kile kipimo unaenda hujala kitu unachukuliwa damu, unapewa glukosi unakunywa, alafu unachukuliwa tena baada ya saa moja na baada ya masaa mawili. Majibu yakasema iko juu. Nesi akanikalisha vizuri tu wala hakunigombeza, akasema una kisukari cha mimba, akanipangia namna ya kula, nikapata kimashine cha kujichoma kidole niwe naandika namba kwenye daftari nirudi baada ya wiki. Nikarudi wiki ya kwanza, nikarudi ya pili. Ile ya pili akaangalia daftari akasema za asubuhi hazishuki, wiki ijayo tuanze insulini.

Sasa Anti mi niliposikia insulini sikusikia tena kingine. Mama yangu mzazi alikuwa na sukari. Nilikuwa na miaka 19 namsafisha kidonda cha mguu asubuhi na jioni, nikaushuhudia ule mguu ukikatwa, na baada ya hapo hakumaliza mwaka. Yani neno sukari kwangu ni harufu ya kile kidonda. Nikatoka pale sikurudi tena. Nikahamia kliniki nyingine, nikawaambia nimeshapimwa niko sawa, wakaniamini. Mme wangu akiniuliza namwambia vipimo vyote safi. Daftari nikalificha chini ya sanduku la nguo na mpaka leo liko pale, kila nikipanga nguo naliona, juzi nilitaka nilichome nikashindwa.

Mtoto akazaliwa kwa operesheni na kilo 4.7. Sukari yake ikashuka akakaa chumba cha watoto siku mbili anawekewa dripu, mme wangu akaambiwa ni kawaida kwa watoto wakubwa na mi nikanyamaza. Watu wakaja kuona, kila mtu bonge la mtoto, hongera mama umemlea tumboni. Nilicheka nao. Alafu alivyoanza kutembea akapungua vizuri, miaka miwili mpaka minne alikuwa mtoto wa kawaida kabisa, nikasema Mungu amenisamehe. Kuanzia miaka mitano kwenda sita akaanza kunenepa tena na hajasimama. Shuleni wanamuita bonge. Hapendi tena kuvua shati mbele ya wenzake.

Baba yake anampenda sana hilo sina shaka, lakini kwenye hili amebadilika. Kila jioni akitoka kazini anamtoa nje anamkimbiza, amesimama na saa, mtoto akipumzika anamwambia wewe ni mvivu ndo maana uko hivyo. Mezani anampunguzia chakula mbele yetu, anasema mwanaume hali hivyo. Mtoto anainamisha kichwa. Usiku baba akilala mi namletea biskuti chumbani anakula kimya kimya tukiwa tumezima taa, nafanya hivyo kwasababu roho inaniuma.

Miezi mitatu iliyopita nikasoma mahali kwamba mama akiwa na sukari kwenye mimba mtoto anakuja kuwa mnene. Nilikaa chooni nikalia. Kumbe mtoto anakimbizwa kwa kosa langu. Na yeye mwenyewe juzi kaniuliza, mama mi ni mnene kwasababu gani, nikamwambia ukikua utapungua.

Sasa mimba hii. Sijaanza kliniki mpaka leo maana watauliza habari za mimba iliyopita, na mme wangu safari hii amesema tutaenda wote. Nikimwambia nahisi hatanisamehe na mama yake akijua ndo nimekwisha. Nisipomwambia mtoto anaendelea kuadhibiwa badala yangu. Na huyu aliyeko tumboni nae je, ndo nimeshamharibu? Nimwambie au ninyamaze Anti? Nisaidie, silali.

Mama asiyelala

*

Marahaba mwanangu. Pole, tena pole sana. Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu niliishia pale kwa binti wa miaka 19 anaosha kidonda nikaiweka chini kwanza.

Nikikuelewa vizuri, umeniuliza swali moja, nimwambie mme wangu au ninyamaze. Lakini ndani ya barua kuna mambo mengine yamejifunga humo humo kama nyuzi zilizoshikana. Kuna sukari ya miaka nane iliyopita. Kuna kijana wako na jinsi anavyotendewa leo. Kuna mimba hii ambayo haijafika kliniki. Na chini ya yote kuna swali ambalo hukuliandika moja kwa moja ila ndo linakunyima usingizi, je ni mimi niliyemfanya mwanangu awe hivi? Nianze na hilo maana nahisi mengine yote unayaamua ukiwa umeshajihukumu.

Ulichosoma kina ukweli, sitakudanganya. Sukari ya mama inavuka kondo la nyuma inaenda kwa mtoto, lakini insulini ya mama, ile homoni inayoshusha sukari kwenye damu, haivuki. Kwahiyo mtoto akipokea sukari nyingi kongosho lake mwenyewe linalazimika kutoa insulini nyingi, na insulini kwa mtoto aliye tumboni inafanya kazi ya kumkuza na kumuwekea mafuta mwilini. Daktari mmoja wa Denmark, Jørgen Pedersen, alieleza hivyo toka miaka ya 1950. Na ndo maana mwanao aliwekewa dripu. Kitovu kilipokatwa sukari yako ikakoma ghafla lakini insulini yake ilikuwa bado nyingi, sukari ikaporomoka. Wale waliomwambia baba yake ni mambo ya watoto wakubwa hawakusema uongo, hawakuwa tu na ile nusu nyingine ya habari. Hata hilo la kupungua miaka ya mwanzo alafu uzito kurudi karibu na umri wa kuanza shule, madaktari wameliona kwa watoto wengi ambao mama zao walikuwa na sukari kwenye mimba, si mwanao peke yake.

Ila sasa kaa hapa na mimi kidogo maana hapa ndo watu wanasoma nusu ya habari wanaenda kulia chooni.

Kuna utafiti mkubwa unaitwa HAPO, majibu yake yalitoka 2008, akina mama zaidi ya 23,000 kutoka nchi 9. Ulionyesha kwamba hakuna mstari mmoja wa kusema hapa salama hapa hatari, sukari ya mama ikipanda kidogo uzito wa mtoto wa kuzaliwa nao unapanda kidogo. Baadae wakawafuatilia watoto wale wakiwa na miaka 10 mpaka 14, majibu yakatoka 2018. Waliokuwa na unene uliopitiliza, kwa watoto ambao sukari ya mama zao ingeitwa kisukari cha mimba kwa vigezo vya leo, walikuwa kama 19 katika kila 100. Kwa wengine walikuwa kama 10. Na hao akina mama hawakuwa wametibiwa, maana sukari yao haikufika kiwango kilichohesabiwa kuwa cha hatari kwenye utafiti ule. Kwahiyo ndio, hatari ni karibu mara mbili, siwezi kukwambia ni bure. Lakini geuza namba uiangalie upande wa pili, watoto kama 81 kati ya 100 hawakufika huko ingawa mama zao sukari ilipanda, na watoto 10 walifika huko ingawa mama zao hawakuwa na kisukari cha mimba kabisa.

Kuna mwingine naupenda kwasababu walilinganisha ndugu wa mama mmoja. Sweden, ulitoka 2011, wanaume waliopimwa walipokuwa vijana wa kuingia jeshini. Aliyezaliwa mama akiwa na kisukari alikuwa mzito kuliko kaka yake aliyezaliwa kabla mama hajaugua, tofauti kwa wastani ni chini kidogo ya 1 kwenye kile kipimo cha uzito kwa urefu wanachokiita BMI. Kwa kijana mwenye urefu wa mita 1.75 hiyo ni kama kilo 3. Kilo 3 zipo, ni za kweli, si za kupuuza. Lakini je, mwanao jinsi unavyomuona ni kilo 3 tu? Kuna urithi wa upande wako na wa baba yake, kuna usingizi, kuna vinywaji vya sukari, kuna mtoto kukaa ndani kwasababu akitoka anaitwa bonge. Hakuna daktari anayeweza kumpima mwanao akakwambia hapa pametoka tumboni hapa pametoka mezani.

Na kuna hili ambalo huenda likakushangaza. Australia waliwahi kuwagawa akina mama 1,000 wenye kisukari cha mimba, wengine wakatibiwa wengine wakaachwa na huduma ya kawaida, matokeo yakatoka 2005. Kutibiwa kulisaidia sana wakati wa kuzaliwa, watoto wakubwa waliozidi kilo 4 walikuwa 21 kwa 100 wakashuka mpaka 10. Lakini baadhi ya watoto hao walipopimwa wakiwa na miaka 4 mpaka 5 uzito wa makundi mawili ulikuwa haujatofautiana. Sasa wewe umeishi miezi mitatu ukiamini kwamba ungerudi tu ile wiki ya tatu ukachoma insulini leo ungekuwa na mtoto mwembamba. Mwanangu, hakuna anayeweza kukuhakikishia hilo. Huenda angezaliwa na kilo pungufu, huenda dripu isingehitajika, na hayo si madogo. Lakini huo mnyororo ulioufunga wewe kichwani, sikurudi kliniki kwahiyo mwanangu anakimbizwa, umekatika sehemu zaidi ya moja.

Tena sukari yenyewe hukuileta wewe. Kondo la nyuma linatoa homoni zinazofanya insulini ya mama ifanye kazi kwa shida, kila mjamzito inamtokea, ila mwili wa mwingine unaongeza insulini ya kutosha na wa mwingine unashindwa, na mwenye mzazi aliyekuwa na kisukari yuko kwenye uwezekano mkubwa zaidi wa kushindwa. Ulichofanya wewe ni kukimbia matibabu na kuwadanganya watu wa kliniki. Hilo lipo, sitalifuta kwa maneno matamu kwasababu nikijaribu kulifuta wewe utajikuta huniamini na hayo mengine. Lakini aliyekimbia pale hakuwa mzembe. Aliambiwa insulini akaona mguu wa mama yake. Laiti yule nesi angejua angekueleza kitu kimoja, kwamba sindano ya mjamzito wa kisukari cha mimba mara nyingi inaishia pale pale mtoto akizaliwa, na kwamba mama yako hakukatwa mguu kwasababu ya insulini. Sukari kukaa juu miaka mingi ndo inaharibu mishipa ya damu na ya fahamu ya miguu. Insulini ilikuwa upande wake.

Haya, turudi kwa kijana.

Umeandika "mtoto anaendelea kuadhibiwa badala yangu". Nimelifikiria sana hilo. Linasikika kama la kweli lakini hebu tulipekue. Tuseme hujawahi kuwa na sukari hata siku moja, mtoto kanenepa tu kama watoto wengine wanavyonenepa. Je ingekuwa sawa kusimamiwa na saa na kuitwa mvivu? Kupunguziwa chakula mbele ya watu? Naona unafikiri baba yake anafanya hivi kwasababu hajui habari ya sukari, na akijua ataacha. Inawezekana kabisa, watu wengine wakipata sababu moyo unalainika. Lakini inawezekana pia akaacha kumlaumu mtoto akahamia kwako. Au akaanza kumuona mtoto kama mgonjwa aliyeharibika toka tumboni, akakata tamaa nae, na hilo mtoto atalihisi hata lisiposemwa. Wewe ndo unamjua, mi simjui. Ninachoona ni kwamba mambo haya mawili hayalazimiki kwenda pamoja. La mbio na sahani unaweza kuliongea nae leo usiku bila kugusa daftari.

Na la kuongea lipo, tena si la kumbembeleza tu. Mtoto anayenyimwa chakula waziwazi mara nyingi anakuja kula zaidi akikipata, hata akiwa hana njaa, maana amejifunza kwamba kinaweza kuondolewa wakati wowote. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa miaka 5 mpaka 17 achangamshe mwili angalau dakika 60 kwa siku, ndio, lakini mpira ni mwili, kuruka kamba ni mwili, kucheza muziki sebuleni ni mwili, kutembea na baba yake wakipiga stori nako ni mwili. Mbio za kuogopa zinamfundisha kuchukia kukimbia. Mtoto wa miaka 8 anayeendelea kurefuka mara nyingi hata hahitaji kupungua kilo, wataalamu wengi wanatafuta tu uzito usimame au upande pole pole wakati kimo kinaupita, ila hilo lisemwe na anayempima kimo na uzito na presha, akilinganisha na chati ya umri wake. Na linakuwa la nyumba nzima. Soda ikitoka inatoka kwa wote na baba akiwemo, mnalala mapema wote, mnakula wote chakula kile kile, nyinyi mnaamua kipikwe nini na saa ngapi, yeye anaamua ale kiasi gani. Baba anayempenda kama ulivyosema huenda anatafuta tu kitu cha kufanya kwa mikono yake. Anaogopa. Wote wawili mnaogopa kwa ajili ya mtoto yule yule, kila mtu na njia yake.

Maana na wewe una njia yako. Biskuti za gizani. Sikugombezi, najua ni huruma. Ila mfikirie yeye, mchana anajifunza kwamba kula ni aibu, usiku anajifunza kwamba kula ni siri na ndo mapenzi ya mama. Nadhani kumkumbatia kule chumbani kunaweza kubaki hata biskuti zikiondoka.

Sasa lile swali lenyewe, umwambie au unyamaze. Sitakuamulia, utaishi nalo wewe. Ila nikuulize ambayo barua haikusema. Unaposema hatanisamehe, ni kwasababu amewahi kushindwa kukusamehe kitu kikubwa, au ni hofu yako inasema kwa sauti yake? Amewahi kukupiga, kukutishia kukufukuza? Kama ndivyo basi yote ninayosema hapa chini yasubiri, usalama wako na wa mimba ndo wa kwanza na mtu wa kuongea nae aanze kuwa mwingine. Kama sivyo, endelea kusoma.

Ukinyamaza, leo panakuwa na utulivu. Lakini hii siri haiko kifuani kwako tu, itaandikwa. Kadi ya kliniki ina sehemu ya historia ya mimba zilizopita, na mwenzio amesema mnaenda wote. Ukidanganya tena pale ili yeye asisikie, anayekosa huduma ni huyu wa tumboni na wewe, yani unarudi mlango ule ule wa miaka nane iliyopita. Akija kulisoma mwenyewe au kulisikia kwa nesi, kitakachomuuma zaidi nahisi si sukari bali kwamba alikuwa amekaa pembeni yako na hajui.

Ukimwambia nyumbani mkiwa wawili tu, unakuwa umempa heshima ya kusikia kutoka kwako. Hatari yake ni kwamba hakuna wa kumuelezea kisayansi, ataenda kutafuta mwenyewe akute kile kile ulichokikuta wewe. Ukichagua njia hii basi nadhani uanze na mama yako, si na mtoto. Jua kama ameshawahi kuisikia hadithi ya kidonda mpaka mwisho. Wanaume wengi wanajua tu mama mkwe alifariki kwa sukari, bas.

Njia nyingine ni kutangulia kliniki peke yako, unamwambia mkunga kila kitu, unamuomba siku mtakayorudi na mmeo akusaidie kueleza. Wahudumu wameyasikia makubwa kuliko hili na wanaruhusiwa kukusikiliza peke yako kwanza, omba hivyo. Faida yake mmeo anapata maelezo na mpango kwa pamoja, lakini asije akahisi amepangiwa kikao, mwingine linamkwaza hilo.

Na kuna kumwambia nusu. Kwamba kwenye mimba ile sukari ilipanda na safari hii nataka tuwe makini, bila habari ya kuhama kliniki. Si uongo, inafungua mlango wa matibabu, labda inatosha kwa sasa. Ila nusu ina tabia ya kudai nusu yake, na wewe ndo utakuwa unasubiri kila siku itadai lini. Wapo wanaoweza kuishi hivyo. Wewe ambae daftari tu linakukosesha usingizi, sijui.

La mama mkwe mi naliona ni lenu wawili, mnaweza kukubaliana kabisa kwamba halitoki chumbani.

Kuna jambo moja tu ambalo sitakwambia uchague, nalo ni kwenda kupimwa wiki hii. Si mwezi ujao. Aliyewahi kupata kisukari cha mimba anapimwa mapema, mara anapoanza kliniki, na ikiwa safi anarudiwa tena kati ya wiki ya 24 na 28. Tena barua yako haisemi kama ulipima sukari baada ya kujifungua, nahisi hukupima. Mwanamke aliyepata kisukari cha mimba ana uwezekano mkubwa mara kadhaa wa kuja kupata kisukari cha kudumu, ndo maana anatakiwa apimwe wiki chache baada ya kujifungua alafu kila baada ya mwaka mpaka mitatu. Miaka nane ni mingi mwanangu. Inawezekana kabisa uko salama, lakini kama sukari ilishapanda kabla ya mimba hii basi inatakiwa ijulikane sasa hivi, kwa ajili yako na kwa ajili ya huyu mdogo. Na hapana, hakuna anayeweza kusema umeshamharibu, uko wiki ya 11, sehemu kubwa ya safari iko mbele. Wengi wanaishusha kwa kupanga chakula na kutembea tu. Ikibidi insulini, kumbuka nilichokwambia pale juu, haivuki kwenda kwa mtoto, inakaa kwako inafanya kazi.

Alafu mwanao alikuuliza swali. Mama mi ni mnene kwasababu gani. Ukamjibu atapungua akikua, hukuwa na jibu lingine wakati ule. Naona unaweza kumrudia hata kesho mkiwa mnafanya kitu kingine, kukunja nguo au kutembea. Mwambie miili inatofautiana toka tumboni, mingine inaweka mafuta haraka zaidi, na si kwasababu yeye ni mvivu, na kwamba mama na baba ndo kazi yao kuifanya nyumba iwe na chakula kizuri na michezo, si kazi yake. Habari ya sukari na kliniki si mzigo wa mtoto wa miaka 8, atakuja kuijua akikua na itamsaidia kujitunza. Ila hilo neno, si kwasababu wewe ni mvivu, anatakiwa alisikie mapema kutoka kwa mmoja wenu, na ikiwezekana kwa aliyemuita hivyo.

Daftari usilichome. Liweke kwenye mkoba siku ya kwenda. Zile namba za asubuhi za wiki mbili nesi atazitaka, zinamuonyesha mwili wako ulivyokuwa ukiitikia, na hakuna mtu mwingine aliyeziandika isipokuwa wewe. Majibu yakitoka niandikie, hata kama utakuwa bado hujamwambia mtu mwingine yeyote.

Anti wako